FUNIKA UDONGO, USIFUNIKE MAHARAGE: Nilivyochoma mtaji kiangazi kimoja, na kilichotokea kiangazi kilichofuata

Leo nimeandika kirefu kidogo, kaa chini usome taratibu, kuna hesabu ndani yake.

Mimi nina duka la rejareja hapa Segese. Nauza unga, mchele, mafuta ya kupima, sabuni, vitunguu, na maharage ya kilo. Shule niliishia kidato cha nne, na kilimo sijakisomea popote. Haya ninayoandika nimeyalipia kwa hela ya kikoba na mbuzi wawili wa mama yangu.

Kila mwenye duka huku anajua mchezo wa maharage. Yanakuja na malori kutoka Kigoma na Kagera. Mavuno yakiwa mengi bei inatulia. Ikifika mwezi wa 9, wa 10, bei inapanda na mama lishe wanaanza kulalamika, maana wachimbaji wakitoka kwenye duara wanataka sahani ijae kwa bei ileile. Nikajiuliza: kwa nini nisilime mwenyewe kiangazi, nivune wakati bei iko juu?

Wazo lenyewe si baya. Nilikosea namna ya kulifanya.

KIANGAZI CHA KWANZA: NILIFUGA JOTO

Nilikuwa nimesoma kwenye simu jinsi wazungu wanavyolima maharage mafupi, yale yasiyotambaa, ndani ya nyumba za vioo na za nailoni wakati wa baridi kali. Picha zilikuwa nzuri mno. Nikasema na mimi nitafunika.

Mama yangu ni mwanachama wa kikoba. Akanichukulia mkopo wa 200,000 kwa jina lake, riba asilimia 10 kwa mwezi. Mimi nikaongeza 20,000 ya dukani. Matumizi yalikuwa hivi:

- Nailoni na miti ya kujengea: 110,000
- Mbegu na samadi: 18,000
- Maji ya kununua, ndoo 460 kwa 200 kila moja: 92,000

Jumla 220,000. Eneo lilikuwa vitanda 6 tu, kila kimoja mita 1 kwa mita 10.

Nilipanda mwanzoni mwa mwezi wa 8. Yaliota vizuri, nikapiga picha nikawaringia rafiki zangu. Katikati ya mwezi wa 9 yakaweka maua. Hapo ndipo kazi ilipoharibika. Kila asubuhi nilikuta maua chini kama mtu amepita anayapukuchua. Mchana saa 7 ukiingia mle ndani unatoka jasho kama uko shimoni.

Mzee mmoja jirani, mkulima wa mpunga, alikuja kuchungulia. Akacheka kidogo akaniambia, "Kijana, wewe hujalima. Umefuga joto."

Nilivuna kilo 4. Nikauza 3,000 kila moja, nikapata 12,000. Wakati huo deni la kikoba lilikuwa limefika 260,000 baada ya miezi 3. Nilitoa 120,000 kwenye duka, rafu zikabaki nyeupe. Hela iliyobaki mama aliipata kwa kuuza mbuzi wake wawili, 140,000. Hakunigombeza. Kule kutonigombeza ndiko kulikoniuma zaidi.

KWA NINI ILIFELI

Baada ya hapo niliuliza watu, nikasoma, nikatulia. Nikaelewa mambo mawili.

La kwanza ni joto. Maharage yanapenda hali ya hewa ya wastani, kama nyuzi 16 hadi 24. Wakati wa maua, joto likizidi nyuzi 30 mchana na usiku nao ukawa wa moto, maua na maganda machanga yanadondoka. Mmea unabaki na majani mazuri lakini tumboni hamna kitu. Sasa Segese mwezi wa 9 na wa 10 ndiyo miezi yetu ya moto. Halafu mimi nikaongeza nailoni juu yake!

Mzungu anafunika kwa sababu barafu inaua maharage usiku mmoja. Uingereza wakulima wengi hawapandi maharage nje mpaka mwezi wa 5 baridi ikishapita. Kwake kifuniko kinatunza joto ambalo hana. Na hata hivyo kupasha nyumba joto kunagharimu sana, ndiyo maana maduka yao wakati wa baridi yanajaa maharage machanga ya kutoka Kenya, Misri na Moroko. Yaani wao wenyewe wanaona nafuu kuyaleta kutoka kwenye jua, na mimi niliyezaliwa kwenye jua nikanunua nailoni ya 110,000 kulikamata.

La pili ni maji, na hili naomba kila mfanyabiashara alisome mara mbili.

Maharage kuanzia kupandwa mpaka kuvunwa yanahitaji maji ya milimita 300 hadi 500. Milimita 1 kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo kwa kiwango cha chini kabisa, kila mita ya mraba inakunywa lita 300, ambazo ni ndoo 15 za lita 20. Vitanda vyangu 6 ni mita za mraba 60. Zidisha: ndoo 900. Kwa 200 kila ndoo ni 180,000. Mimi hela iliniishia kwenye ndoo 460, karibu nusu tu.

Na hata ningepata ndoo zote? Mita 60 zikitunzwa vizuri zinaweza kukupa kilo 7 hadi 10 za maharage makavu. Kwa 3,000 kilo ni 30,000 ukibahatika sana. Unanunua maji ya 180,000 upate maharage ya 30,000. Hiyo biashara ilikuwa imekufa kabla sijapanda hata mbegu moja. Ningepiga hesabu hii kwenye karatasi ya kufungia sukari, mbuzi wa mama wangekuwepo.

KIANGAZI CHA PILI: NILIBADILISHA MAMBO MATANO

1. Nilibadilisha bidhaa. Maharage makavu huwezi kushindana na lori la Kigoma, usijidanganye. Lakini lori halileti maharage mabichi ya asubuhi, na halileti majani ya maharage. Kiangazi mboga za majani zinakuwa adimu huku kwetu, na maharage mabichi yanaiva haraka, mama lishe anaokoa mkaa. Nikaamua nauza ubichi. Makavu ni yale tu yatakayonikawilia shambani.

2. Nilibadilisha tarehe. Baridi yetu ni mwezi wa 6 na wa 7, ile ambayo bodaboda wanavaa majaketi mpaka saa 3 asubuhi. Maharage mafupi yanatoa maua siku ya 35 hadi ya 45. Basi nikahesabu kurudi nyuma: nataka maua yatoke kwenye baridi, kwa hiyo napanda kuanzia tarehe 20 mwezi wa 5. Sikupanda yote siku moja. Nilikuwa na vitanda 12, kila kimoja mita 1.2 kwa mita 10, nikapanda vinne, baada ya wiki 2 vinne tena, baada ya wiki 2 vinne vya mwisho. Ukipanda vyote kwa pamoja, wiki moja unamwaga mzigo sokoni kwa bei ya kutupa, wiki inayofuata mteja anakuja huna kitu.

3. Nilibadilisha maji. Sikununua hata ndoo. Kuna kisima cha kienyeji nyuma ya kwetu, nikamlipa fundi akakichimba zaidi. Mimi na mdogo wangu tulichota asubuhi kabla ya kufungua duka, na jioni kidogo.

4. Nilibadilisha kitanda. Udongo wetu wa nyuma ya nyumba ni luseni, mchanga mtupu, maji yanapita kama kwenye chujio. Kitanda cha kuinua kiangazi kwenye luseni ni kupoteza maji. Nikafanya vya kuzama, kama jaruba dogo la mpunga, na kingo pembeni, nikachanganya samadi iliyooza vizuri. Kama wewe uko kwenye mbuga, ule udongo mweusi, angalia maji yasituame, maharage hayapendi kusimama kwenye tope.

5. Nilibadilisha kifuniko. Hili ndilo somo lenyewe. Nailoni nikaitupa, nikafunika UDONGO. Huku mpunga ukishavunwa majani yake yanabaki mengi, wengine wanachoma. Nilikodi guta, nikabeba. Miche ilipofika urefu wa kiganja nikatandaza majani ya mpunga katikati ya mistari, unene wa vidole vinne hivi, nikaacha nafasi kidogo kuzunguka shina. Jua likapiga majani makavu badala ya udongo. Kitanda kilichokuwa kinakauka kwa siku moja kikawa kinakaa siku 2 hadi 3 bado kina unyevu. Unachimba kwa kidole, ukikuta ubichi unaacha, ukikuta vumbi unamwagilia.

Upande unakotokea upepo nikaweka uzio wa mabua ya mtama, unazuia upepo mkavu na kuku wa jirani kwa pamoja. Kwa vitanda vinne vya mwisho, ambavyo vilikuwa vinajaza maganda mwezi wa 8 jua likianza kuwa kali, niliweka kichanja chepesi cha mabua yaliyoachana upande wa magharibi, kukata jua la alasiri tu. Usifunike juu kote. Maharage yanahitaji jua, ukiyaweka gizani yanarefuka bila kuzaa.

KAZI YENYEWE KWA UFUPI

Mbegu: chagua aina fupi. Lyamungo 90 na Jesca ni fupi na zinajulikana nchini. Nunua zenye lebo ya TOSCI. Kama unatumia ya dukani, jaribu kwanza: chukua punje 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi, baada ya siku 7 hesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 80, uza hizo zipikwe, usipande.

Nafasi: mistari mitatu kwa kitanda, sentimita 40 kati ya mstari na mstari, sentimita 10 kati ya mbegu na mbegu, kina cha sentimita 3 hadi 5.

Mbolea: samadi iliyooza inatosha kwa kuanzia. Usirundike urea, maharage yanajitengenezea naitrojeni yenyewe kwenye mizizi. Ukizidisha utapata msitu wa majani bila maganda.

Wadudu: wiki 3 za kwanza muogope inzi wa maharage. Funza wake anaingia kwenye shina, shina linavimba na kupasuka karibu na udongo, mche unanyauka. Pandishia udongo kwenye shina miche ikiwa na wiki 2 hadi 3, mmea unatoa mizizi mipya juu ya sehemu iliyoumwa. Usirudie maharage kitanda kilekile msimu unaofuata. Vidukari nilivikamua kwa mkono na maji ya sabuni. Ukipuliza dawa ya dukani, soma siku za kusubiri kwenye kibandiko, na usichume majani ya kuuza mpaka siku hizo ziishe. Watoto wa wateja wako wanakula hayo majani.

Kuchuma majani: majani mawili matatu kwa mmea, kabla ya maua. Maua yakianza acha. Ukiendelea unakula mtaji wako mwenyewe.

Maji: ukiishiwa, punguza wakati mwingine wowote lakini si wakati wa maua na wa kujaza maganda. Siku mbili tatu za kiu hapo, mavuno yanashuka vibaya.

Na neno moja kwa sisi wa huku kwenye dhahabu. Usimwagilie maji yaliyotoka mwaloni wanakooshea dhahabu, na usijaze kitanda kwa mchanga wa marudio kwa sababu umeuona mwepesi. Zebaki inatumika kukamatia dhahabu, na ni sumu isiyooza. Ukihamishia bustanini utakuwa unauza kitu usichokijua. Kama kisima chako kiko karibu na mwalo, tafuta eneo lingine.

HESABU YA KIANGAZI CHA PILI

Nilizotoa:
- Mbegu kilo 2: 12,000
- Samadi mikokoteni 2: 20,000
- Guta la majani ya mpunga: 15,000
- Fundi wa kisima na kamba: 35,000
- Uzio: 5,000
- Sabuni na vidogovidogo: 3,000
Jumla 90,000

Nilizoingiza:
- Maharage mabichi ya maganda, sado 51 kwa 3,500: 178,500
- Majani, mafungu 105 kwa 300: 31,500
- Makavu yaliyonikawilia, kilo 6 kwa 3,000: 18,000
Jumla 228,000

Faida 138,000.

Sasa usikimbie kuchukua mkopo kwa sababu ya namba hiyo. Kutoka kupanda kitanda cha kwanza mpaka kuchuma cha mwisho ni siku kama 97. Gawanya, ni karibu 1,400 kwa siku, na hapo sijamlipa mdogo wangu wala sijajilipa mimi. Kibarua anapata zaidi ya hapo. Na ningenunua maji? Vitanda 12 ni mita za mraba 144, mara ndoo 15 ni ndoo 2,160. Kwa 200 ni 432,000. Ningetoa 432,000 za maji ili niuze 228,000. Ndiyo maana nasema: kama huna maji yako, usianze. Kitanda kimoja au viwili vya kula nyumbani, maji ya kuoshea vyombo ukiyachuja mabaki yanatosha kusaidia. Biashara, hapana.

Faida ambayo haikukaa kwenye daftari niliiona dukani. Mama lishe watatu ambao walikuwa wananunua kwingine walianza kuja kwangu saa 12 na nusu asubuhi kufuata maharage mabichi. Akishafika, anachukua na mafuta, nyanya, vitunguu, chumvi. Maharage yaliisha mwishoni mwa mwezi wa 8, wao hawajaacha kuja. Mwenye duka akilima, asiangalie tu bei ya sado. Aangalie sado imemleta nani mlangoni.

KABLA HUJAANZA, JIULIZE HAYA

- Maji yangu ni ya bure au ya kununua? Ni ndoo ngapi kwa siku naweza kuchota miezi 3 bila kuchoka?
- Maua yatatoka mwezi gani? Kama ni wa 9 au wa 10 kwa huku kwetu, subiri.
- Nauza nini: ukavu, ambao lori linanishinda, au ubichi, ambao lori haliuwezi?
- Hela ni yangu au ya mkopo? Kwa mara ya kwanza tumia hela ambayo ikipotea hakuna mtu mwingine atakayelia.

Hilo la mwisho ndilo lilinifunza zaidi. Mwezi wa 9 nilienda mnadani na ile faida. Nikanunua mbuzi jike mmoja, hela iliyobaki nikarudisha rafu za duka. Nilimfikisha jioni, mama akamshika masikio, akamwangalia meno, akaniuliza, "Na yule mwingine?" Nikamwambia kiangazi kijacho, tarehe 20 mwezi wa 5 napanda tena.

Majani ya mpunga nimeshaanza kuyakusanya. Na wewe kama jirani yako anachoma ya kwake, muombe kabla hajawasha kiberiti.